Nilivyoogopa Kuitwa Kobe

Mwanangu, ipo siku moja ya Ramadhani nnayoikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na harusini nililia mbele ya watu mia saba. Tangu uliponambia juzi kuwa daktari kakukuta na sukari, nawe utafunga tu, usingizi umenihama.

Ujanani nami nikipiga sindano ya sukari. Mchana nauza magari Wattaya, usiku nasoma. Daktari alinambia nikifunga nipime, na ikishuka nifungue papo hapo. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Alaye mchana wa Ramadhani sisi tunamwita kobe, na shangazi yangu Bi Zuwena, tukifuturu kwake Darsait, alikuwa na ulimi wa kukata chuma. Kipimo nikakiacha kabatini. Nikidhani hata kujitoboa kidole kunafunguza.

Jioni moja nimekaa sebuleni kwake, mikono ikaanza kutetemeka, kanzu ikarowa, moyo unadunda mpaka nikahisi jirani wanausikia.

"Mbona jasho?"

"Joto, shangazi."

"Joto la wapi, na kiyoyozi kimenigandisha miguu?"

Nikataka kucheka, ulimi mzito. Akaleta gilasi ya sharubati. Nikakaza meno.

"Imebaki saa moja tu. Utaniita kobe."

"Kobe ni mzima mwenye tamaa. Wewe mgonjwa, Mungu kakuruhusu, unamfunza Yeye? Kunywa, mjinga wee. Mie sina nguvu za kubeba jeneza."

Nikanywa. Ilipita robo saa ndipo nikakumbuka nipo mtaa gani. Bi Zuwena alikuwa kaketi sakafuni, kanishika mkono, midomo inamcheza kwa dua. Sijapata kumwona kaogopa vile.

Wewe kule Al Khoudh unakaa peke yako. Jasho lako nani ataliona? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nenda kwa daktari kabla mwezi haujaandama. Akikukataza, usifunge, utalipa siku nyengine, na ukiwa huwezi kabisa, lisha maskini. Akikuruhusu, pima, tone la damu kidoleni halifunguzi. Jirani yako mwambie una nini. Ukianza kutetemeka, fungua, hata ikibaki dakika tano adhana. Kisha nipigie simu.

Mungu akufikishe mwezi mtukufu na afya yako, akuvushe mpaka Idi, akupe umri mrefu, uje unizike wewe, nisikuzike mimi. Amin.