Inchi Mbili za Kuinua Gari

Nilimwambia mama kwamba gari litakuwa la baba. Nilikuwa nimesimama nje ya posta mjini Meru, simu sikioni, na nilipoyasema maneno hayo niliyaamini. Baba alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kisigino chake cha kushoto kilikuwa na kidonda kilichokataa kupona. Kila baada ya wiki mbili, Jumanne, ilibidi afike kliniki mjini, kidonda kioshwe, kiangaliwe, kifungwe upya. Nyumbani kwetu ni mbele ya Githongo, juu kwenye mashamba ya kahawa, na aliyempeleka kliniki alikuwa jirani yetu mwenye pikapu ya maziwa. Baba aliketi mbele na fimbo yake, mitungi ikigongana nyuma. Jirani hakuwahi kulalamika. Ila mama alikuwa amechoka kushukuru.

"Hata wewe," aliniambia, "ungeshukuru mtu mmoja mwaka mzima, mdomo ungeisha maneno."

Kwa hiyo nilitakiwa kununua gari la mzee mgonjwa: milango minne, limeinuka vizuri, rangi ambayo hakuna mtu anaikumbuka. Nilikwenda Kibugu, upande wa Embu, nikanunua gari la mbio.

Lilikuwa chini ya turubai katika banda la kuni, mahali ambapo mashamba ya chai yanaishia na msitu unaanza. Mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mkavu, sweta yake imetiwa viraka viwikoni. Alilivuta turubai pembeni. Gari lilikuwa na milango miwili, boneti ndefu, paa lililoinama polepole kuelekea nyuma, na rangi ya kijani iliyokolea kama chai iliyonyeshewa. Umri wake ulikaribia wangu. Nilipoketi ndani nilijihisi nikishuka, nikishuka, hadi ardhi ikawa hapo tu chini ya mapaja yangu na dunia yote ikawa juu: migomba, ng'ombe, uso wa mwalimu.

"Hakuna kitu nimeongeza," alisema. "Na hakuna kitu nimetoa. Vile ilitoka kiwandani ndivyo iko."

Maneno hayo yaliniingia. Mwaka huo nilikuwa nikiandika riwaya yangu ya kwanza, na kila aliyeisoma alitaka niongeze kitu au nitoe kitu. Hapa kulikuwa na kitu ambacho hakuna mkono uliokigusa. Nililiendesha kutoka Embu nikiwa nimefungua vioo, ingawa kulikuwa na ukungu. Barabara ile ni ya kona tupu. Inashuka hadi Mto Thuci, inapanda, inalizunguka bonde, inashuka tena, na gari liliingia katika kila kona kama mkono unavyoingia katika shati lililokwisha zoea mwili. Nilikuwa peke yangu na nilikuwa na furaha. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu furaha hiyo ndiyo iliyofanya mengine yote.

Kwetu gari halijawa gari mpaka liombewe nyumbani. Mchungaji anaitwa, akina mama wa kanisa wanapika, na baada ya sala mwenye boma ndiye anayeketi ndani kwanza, anazungushwa kidogo, watu wanapiga vigelegele. Mama aliita watu Jumamosi. Nilitoka mjini asubuhi, nimeliosha gari mara mbili.

Lami yetu inaishia kabla ya kiwanda cha kahawa. Kutoka hapo kuna mlima wa udongo mwekundu, na mahali ambapo mvua imechimba mifereji wakulima wamejaza mawe. Nilikuwa nimepita pale maisha yangu yote. Nilikuwa nimepita kwa miguu, kwa bodaboda, mbele ya pikapu ya jirani, na sikuwahi hata siku moja kuitazama barabara ile kwa jicho la kitu kilicho chini. Jiwe la kwanza lilikwaruza tumbo la gari kwa sauti iliyonipanda hadi kwenye meno. La pili lilishika bampa. Nilirudi kinyumenyume hadi uwanja wa kiwanda na kuzima injini.

Basi watu wakanifuata. Waliteremka na masufuria ya wali na mitungi ya uji, wakicheka, mchungaji ameinua suruali asichafuke matope. Sala ikafanyika katikati ya meza za kuanikia kahawa. Baba hakuweza kuteremka. Kutoka pale uwanjani nilimwona juu, langoni, mdogo kati ya mistari ya mibuni, amevaa koti lake la Jumapili. Mchungaji aliposema amina baba aliinua fimbo. Alikuwa ameona vichwa vikiinuka, nadhani. Sauti haikuweza kumfikia.

Jirani alilizunguka gari, mikono mgongoni.

"Sasa mzee amepata dereva wake," alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Mimi nimestaafu. Mnipatie saa ya ukutani na blanketi kama mwalimu anayeagwa."

Tulicheka sana. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa kuwa nilitaka kicheko kiifunike ile sauti ya mawe.

Mama peke yake hakucheka. Alinivuta pembeni. "Sasa hii itafika aje nyumbani?"

"Fundi ataiinua, mama. Ni kitu kidogo."

"Lini?"

"Wiki hii."

Fundi wangu alikuwa na karakana nyuma ya soko la Meru. Alilitazama gari, akalala chini, akainuka akijipangusa.

"Mwandishi, hii ni gari ama ni mkeka?"

"Ni gari la spoti."

"Spoti gani? Ya kukimbiza siafu?" Wenzake walicheka. Kisha akawa makini, na alipokuwa makini alikuwa mtu wa kuaminika. Alinieleza angefanya nini. Angeweka spesa juu ya springi, vile vyuma vya mviringo vinavyoongeza kimo, inchi mbili. Angeweka matairi manene zaidi. Yasingeingia vizuri, kwa hiyo angekata chuma kidogo ndani ya matao ya magurudumu, na ule mdomo wa bampa wa mbele angeutoa kwa mashine ya kukatia. "Nusu siku. Itapanda kwenu kama mbuzi."

"Na kwenye kona?"

Alinitazama. "Kwenye kona itakuwa mbuzi vilevile. Nisikudanganye. Ukiinua hii, haitakuwa hii tena. Na nikishakata, sirudishi."

Nikasema nitafikiri.

Nilifikiri wiki sita. Jumamosi nilikutana na wenzangu wanaoandika, tulikuwa na meza yetu katika hoteli moja ya chai na maandazi, na niliwauliza kana kwamba ni swali la sanaa. Mmoja wao, mshairi ambaye hakuwa na hata baiskeli, alipiga meza. "Ukikata kitu kama hicho ujue umekuwa kama wale wahariri wako!" Nilimpenda kwa kusema hivyo. Jumapili niliendesha hadi Embu na kurudi, bila safari, kwa ajili ya kona. Niliandika kurasa nyingi daftarini kuhusu umbo na uaminifu, na kurasa hizo zilikuwa nzuri, na katika kurasa hizo zote hakuna mahali nilipoandika neno kisigino.

Nilipompigia mama simu nilimwuliza baba yukoje. "Yuko," alisema. Niliuliza kuhusu kliniki? Sikuuliza. Jirani alikuwepo, pikapu ilikuwepo. Kichwani mwangu Jumanne zilikuwa zikiendelea kama zamani, mitungi ikigongana nyuma, mpaka nitakapoamua.

Wiki ya sita nilikutana na jirani sokoni, akinunua chakula cha ng'ombe. Tulisalimiana vizuri. Akaniuliza, "Na mzee, kliniki wanasemaje siku hizi?"

Nilidhani anatania. "Si wewe ndiye humpeleka?"

Uso wake ulibadilika polepole. Aliweka gunia chini.

"Mimi? Kijana, nimpeleke aje? Mtoto wa mtu amenunua gari, limeombewa, nimekula wali hapo. Halafu Jumanne nisimame kwa lango la mzee na pikapu ya maziwa, nimwambie nini? Kwamba gari ya mtoto wake haitoshi?"

"Lakini haipandi. Uliona haipandi."

"Ulisema utaiinua. Mama yako aliambia watu wote unaiinua." Aliniangalia kwa huruma ambayo ningependelea iwe hasira. "Mimi nikipita hapo kwenu siku hizi huwa hata sipigi honi. Nisionekane nikijipendekeza."

Nilimpigia mama papo hapo, katikati ya makelele ya soko. Hakunilaumu, labda ndiyo sababu bado nasikia sauti yake. Alisema baba alikosa Jumanne ya kwanza, akasema si kitu. Akakosa ya pili. Alimwambia baba wapande bodaboda hadi lami, baba akakataa, watu watasema nini, kijana ana gari na babake anabebwa na bodaboda kama gunia. Jumanne ya tatu ilikuwa jana yake.

"Kwa nini hukuniita?"

"Alikataa. Alisema ukimaliza kuitengeneza utakuja, tusikuharakishe, hiyo ni kazi ya mafundi. Lakini kila Jumanne anavaa koti. Anaketi hapo nje. Ikifika saa sita analivua."

Nilimwambia nakuja jioni hiyo na teksi. Alikwenda kumwuliza baba. Nilisikia sauti yao kwa mbali, kwa Kimeru, ya mama ikipanda, ya baba haipandi. Akarudi kwenye simu. "Anasema atangoja gari."

Fundi hakunitania siku hiyo. Nilimwambia akate, naye alinitazama mara moja tu na kuvaa miwani ya kazi. Nilibaki kuangalia, nilifikiri nina deni hilo. Cheche ziliruka kutoka kwenye bampa na mdomo ule ukaanguka sakafuni kwa mlio mwepesi, kama kifuniko cha sufuria. Springi zilipandishwa. Lilipoteremshwa kutoka kwenye jeki gari lilikuwa limesimama kwa njia ya kuaibisha, kama mtu aliyepandisha suruali kuvuka mto akasahau kuiteremsha. Sikuhisi chochote kuhusu gari. Hilo lilinishangaza. Wiki sita za uchungu, na ulipofika wakati wenyewe hapakuwa na uchungu wowote uliobaki kwa ajili ya chuma.

Asubuhi yake lilipanda mlima wetu. Jiwe moja liligusa, basi. Baba alikuwa nje, amevaa koti, ingawa ilikuwa Alhamisi. Mama alikuwa ameufunga mguu kwa kitambaa cha shuka safi, na hata hivyo nilipoinama kumsaidia kuingia nilikutana na harufu, na nikajua. Mama alikuwa ameshajibana nyuma; baba akaketi mbele. Hakuna mchungaji, hakuna vigelegele. Alipapasa dashibodi kwa kiganja, polepole, jinsi anavyopapasa shingo ya ng'ombe kabla ya kusema bei.

"Ni laini," alisema.

Tulishuka, tukafika lami. Katika kona ya kwanza gari lililala upande, na baba akashika mlango.

"Ilikuwa hivi ulipoinunua?"

"Hapana, baba. Ilikuwa chini."

"Ilikuwa nzuri?"

Nilitaka kusema hapana. "Ndiyo. Ilikuwa nzuri."

Aliitikia kwa kichwa, akatazama mashamba hadi tukafika mjini.

Kliniki tulimkuta daktari kijana, wa rika langu. Alifungua kitambaa, akainama, akaacha kuongea na muuguzi. Alibonyeza ngozi juu ya kifundo, kisha juu zaidi, akimwuliza baba kama anahisi. Baba alisema anahisi kidogo, kwa sauti ya mtu anayetaka kupendeza. Daktari aliketi. Alisema atamwita daktari wa upasuaji, lakini asingetaka kutudanganya: kisigino hakikuwa tena jambo la kuzungumzia, walichokuwa wakitafuta sasa ni kama goti litabaki mguu utakapokatwa. Mama alishika ukingo wa meza. Daktari alivuta kadi ya kliniki, akapitisha kalamu juu ya nafasi tatu zilizokuwa tupu.

"Mzee, hapa ulikuwa unakuja vizuri kabisa. Hata nilikuwa nimekusifu. Ni nini kilitokea?"

Nilifungua kinywa. Nilikuwa na maneno yote tayari, nilikuwa nimeyapanga njiani, na yalikuwa maneno ya kweli. Chini ya meza baba alitafuta mguu wangu kwa mguu wake mzima, akaukanyaga, kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Barabara ilikuwa mbaya, daktari," alisema. "Mvua."

Daktari aliitikia kwa kichwa, akaandika hivyo kwenye kadi, nami nilikaa pale nikimtazama akiandika, mguu wa baba bado uko juu ya wangu.