Unga wa Muhogo Chini ya Lori la Harusi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipolala chali chini ya lori siku ya harusi yangu, na bibi wa mke wangu ndiye aliyeshika usukani. Usicheke bado. Asubuhi hii nimeona tone jekundu mchangani, pale upande wa pili wa ua wangu unapoegesha gari lako. Nikakuona ukifungua boneti, ukamimina mafuta ya usukani, ukafuta mikono, ukaondoka. Ndipo siku ile ya kijijini Vihingo iliponirudia yote, hata harufu ya pilau.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja wa Kisarawe. Tulibeba mkaa, korosho na mihogo mikavu kupeleka mjini. Usukani wa magari yale haukuwa na mafuta ya kuusaidia mkono kama wenu wa leo. Tuliuzungusha kwa kifua na mabega. Lakini chini yake palikuwa na kisanduku cha chuma chenye gia, nacho kilijazwa oili nzito. Oili ikiisha, gia husagana, na usukani unaweza kukukatalia katikati ya mteremko. Nami nilikuwa kijana, kofia ya viua kichwani, nikiamini hakuna dereva mwingine kati ya Kisarawe na Mlandizi.

Nikaposa Vihingo, binti aitwaye Tatu, aliyelelewa na bibi yake, Bibi Mwanamvua. Tajiri akaniazima lori nimchukulie mke, nimpeleke kwetu Sofu, upande wa Kibaha. Ndoa ikafungwa, wanawake wakaanza kupanda nyuma na ngoma zao. Tatu alikuwa ndani, amefunikwa, akingoja kutolewa. Na kwa Bibi Mwanamvua, bi harusi akishavuka kizingiti hageuki nyuma. Lori likitukwamisha njiani na binti akarudishwa, maneno ya watu yangemfuata maisha yake yote.

Bibi akatoka, akatazama chini kwenye ua alioufagia mwenyewe alfajiri.

"Mume wangu," akaniita, maana ndivyo bibi wa mke anavyokutania, "hili gari lako linakojoa?"

Wanawake wakaangua kicheko. Nikajibu kwa kujikweza, "Ni oili ya usukani tu, Bibi. Ikipungua naongeza."

"Tangu lini?"

"Tangu masika."

Uso ukambadilika. "Kumbe na mke mwenzangu akilia, utamwongezea leso? Tatu havuki mlango huu mpaka nione panapovuja."

Wazee wa upande wetu wakamsihi: jua linakwenda, watu wanangoja Sofu. Akaketi juu ya kizingiti, basi. Mimi niliona aibu mpaka masikioni.

Na ukweli ni kwamba njia ya kusaka panapovuja nilikuwa naijua. Fundi aliyenifunza alinionyesha zamani kwamba mafuta hushuka, kwa hiyo panapodondoka si lazima ndipo panapovuja. Lakini nilikuwa nimeona tone likining'inia kwenye mkono wa chini wa usukani, nikafunga tambara pale pale, nikajiambia kazi imekwisha. Nilikuwa mvivu, mwanangu, na uvivu wangu nikauita uzoefu.

Nikavua kanzu, nikajifunga msuli, nikaingia chini. Nikakifuta kisanduku chote kwa tambara lenye mafuta ya taa, nikakikausha, kisha nikaomba unga. Bibi akaniletea unga wa muhogo, akinung'unika kwamba tangu azaliwe hajaona gari linalopakwa poda. Nikaupaka kwenye kisanduku kizima. Sasa alitakiwa mtu wa kuzungusha usukani, na vijana wote walikuwa wakinicheka. Bibi akasema, "Nipandisheni mimi." Akakaa kwenye kiti cha dereva, akaukamata usukani kama anayesaga mtama.

"Kulia, Bibi! Sasa kushoto!"

Mara unga ukaanza kuloa. Si kule chini nilikofunga tambara, bali juu kabisa, ubavuni mwa kifuniko, karibu na boliti. Mstari mwembamba mweusi ukashuka taratibu mpaka kwenye ule mkono wa chini, ukaning'inia pale. Miezi yote ile nilikuwa nimefunga tambara mahali pazima.

Nikakinga oili kwenye sufuria, nikafungua kifuniko. Gasketi, ile karatasi ngumu inayokaa katikati kuzuia oili, ilikuwa imechanika. Sikuwa na nyingine, na duka lilikuwa mbali. Nikachukua boksi la viatu vyangu vya harusi, nikalilaza juu ya kifuniko, nikagongagonga kingo kwa nyundo mpaka ikatoka gasketi sawasawa. Nikaipaka grisi, nikakaza boliti, huku moja na upande wa pili moja, nikarudisha oili. Tukapaka unga tena, Bibi akazungusha tena. Unga ukabaki mweupe. Ndipo alipoingia ndani akamtoa Tatu kwa mkono wake mwenyewe, nami nikampokea mke wangu nikiwa na oili kwenye kucha.

Ungedhani nilijifunza. Haukupita muda mrefu Tatu akawa kimya. Anapika, anatenga, hasemi. Nikamletea khanga kutoka mjini, akashukuru, akanyamaza. Nikaleta nyingine. Siku hiyo akaikunja vizuri, akaniwekea mapajani.

"Umeongeza oili tena?"

Ilinichoma. Nikakaa chini, nikaacha kujitetea, nikamwuliza lilipoanzia. Kumbe tangu nimlete Sofu sikuwahi kumpeleka kumwona bibi yake, na safari zangu zote zilipita Kisarawe, upande huo huo wa kwao. Mimi nilidhani analilia nguo.

Kesho yake nikampakia. Bibi Mwanamvua akatoka, mgongo umempinda zaidi. Tukamwamkia, asiitikie. Akashika tairi, akainama kwa shida, akachungulia chini ya lori. Pakavu. Kisha akamtazama Tatu usoni, kwa muda mrefu, napo akaona pakavu.

"Marahaba, wanangu," akasema. "Karibuni ndani."

Leo wote wawili wametangulia, na siku haipiti bila kumkumbuka Tatu. Ndiyo maana nakuambia haya, mwanangu. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami naongeza, ufa huzibwa pale ulipo. Kifute kisanduku cha usukani wako, kikaushe, utazame mafuta yanapoanzia kabla ya kununua chupa nyingine. Na mkeo, niliyemwona jana akipita na macho mekundu huku amejifunga kitenge ulichomletea juzi, kaa naye umwulize, kisha unyamaze umsikilize.

Mola akupe jicho la kuona linapoanzia jambo, na mikono isiyoogopa kuchafuka. Akujaalie kila alfajiri uamke ukute ua wako mkavu, na mlangoni pako pawe na mtu anayekuitikia. Amina.