Kichupa cha Dr. Sahra hakitasogezwa

Assalaamu aleikum ndugu zangu. Mko wazima huko nyumbani? Mimi mwili uko salama, ila moyo bado unakataa. Jana tulimzika Dr. Sahra wetu, aliyefundisha kemia hapa Garissa. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Wengi mlimjua kama mwalimu. Mimi ni msafishaji wa maabara yake, niliishia darasa la nane, na aliniita abaayo, yaani dada, mbele ya maprofesa.

Tulijuana kwa kosa langu. Vumbi letu jekundu mnalijua, linaingia hata kwenye sukari. Niliona uwekundu ndani ya kichupa chake, nikakisugua mpaka kikang'aa.

Kumbe nimeosha kazi yake ya miezi saba.

Alikaa kwenye stuli. Nikangoja matusi. Akasema, "Abaayo, umeosha vizuri sana. Sasa kaa nikuonyeshe ulichoosha."

Akanieleza kwa mfano wa ngamia. Ngamia wawili, hao ni atomu mbili za chuma, wamefungwa kamba moja ya kaboni. Shaba ikija haiwagusi ngamia. Inashika kamba yenyewe, pale katikati, na kamba inapinda kidogo.

Nikamuuliza, sasa umejuaje na hukuiona kwa macho? Alicheka mpaka akafuta machozi. Akasema hapo ndipo anaposumbuliwa na wale wanaosoma report zake.

Ili aonyeshe, chembe hizo za chuma na shaba zilitakiwa zigande polepole ndani ya kichupa ziwe fuwele, kama za chumvi, bila kutikiswa. Alianza upya. Mimi nikawa napiga deki bila viatu, nisiguse meza hata kwa kiuno.

Alipolazwa, fuwele tatu nyekundu zilikuwa zimeota. Nilimpelekea picha hospitali. Aliitazama sana, kisha akaniambia, "Kisisogezwe mpaka Ifrah arudi."

Ifrah ni mwanafunzi wake. Yeye ndiye anayejua kuzitoa na kuzipeleka zikapigwe eksirei, ionekane shaba imekaa wapi. Mwingine akizigusa zinaharibika.

Leo nimeambiwa kabati la juu ya meza yake, lenye kichupa hicho, liwe tupu Jumatatu, kuna handover ya maabara. Nimekataa kwa adabu. Nimeweka kiti changu mlangoni na tasbihi mkononi, na hapo ndipo nitakapokuwa Jumatatu.

Nenda, abaayo. Mola akupanulie kaburi na akulaze kwa amani. Kazi yako iko pale ulipoiacha.

Ifrah, nasikia uko kwenu Buna na network inasumbua. Ukiisoma hii, au akiisoma yeyote aliye karibu nawe, tafadhali nijibu leo.