Kwacha za Eufrasia

Kila asubuhi, kabla hajawasha moto, Konsolata hupiga simu Tunduma. Haulizi habari za kulala.

"Frida, kwacha imeamkaje?"

Frida, anayebadilisha fedha mpakani, humtajia bei ya siku hiyo. Konsolata huiandika kwenye daftari la shule, kisha pembeni, kwa penseli, huizidisha mara elfu tatu. Akishamaliza ndipo anachutama kupuliza kuni.

Nimepanga chumba kwake hapa Viwanja Sitini, huu ni mwaka wa pili. Mwanzoni nilidhani bado anafanya biashara. Kumbe hajapanda treni tangu 2013, goti lilipomgomea.

Kabla ya hapo alisafiri miaka kumi na tisa na rafiki yake Eufrasia. Eufrasia alitangulia kupanda TAZARA Mang'ula na kumshikia mwenzake kiti kwa kutandika kanga. Wakishuka Tunduma walivuka mpaka na mchele wao hadi Nakonde, upande wa Zambia, wakauza kwa kwacha na kurudi na shilingi. Eufrasia alikuwa hodari wa kupima na kubishana bei. Hesabu za kubadilisha fedha alimwachia Konsolata, kwa sababu Konsolata alikuwa na daftari.

Madaftari yako kumi na moja, na ameniruhusu kuyasoma yote. Mwaka 1994 shilingi moja ilinunua kwacha moja na kidogo. Mwaka 2003, nne na nusu. Mwaka 2012, tatu na kidogo. Halafu Januari 2013 maandishi yanageuka: kwacha moja, shilingi mia tatu. Zambia ilikuwa imeondoa sifuri tatu kwenye fedha yake. Noti za zamani na mpya zilitumika pamoja kwa nusu mwaka. Baada ya hapo za zamani zilibadilishwa benki tu, hadi mwisho wa 2015.

Safari yao ya mwisho ilikuwa Machi mwaka huo wa 2013. Eufrasia aliondoka na kwacha milioni tatu za zamani, yaani elfu tatu mpya. Zilikuwa fedha za bati la nyumba yake. Konsolata akapekua madaftari, akaona kwamba miaka kadhaa kwacha ilikuwa imepanda katikati ya mwaka. Akamwambia mwenzake asibadilishe, asubiri. Za kwake mwenyewe alizibadilisha palepale, kwa kuwa goti lilikuwa linasubiri hospitali.

Eufrasia akazishonea ndani ya mto. Kwacha haikupanda, ilishuka, naye akazidi kusubiri, maana aliyemwambia alikuwa na daftari. Mwanzoni mwa 2016 alimpa mtu azipeleke mpakani, zikarudi kama zilivyokwenda. Muda ulikuwa umeshapita. Daftari la Konsolata lina safu ya tarehe na safu ya bei. Safu ya kuonyesha kama noti ni za zamani au mpya haimo.

Hawakugombana. Eufrasia aliacha tu kuja.

Mwezi huu wa Julai, Gladness, binti yake Eufrasia, alipita hapa akielekea sokoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Anasema nikwambie, yale ya kwacha ameshasahau."

"Mnakaa nyumba ileile ya nyasi?"

"Ileile. Mvua za masika tulihamia jikoni, mama na mimi na kuku."

Gladness alicheka, na Konsolata naye akacheka kidogo. Binti alipoondoka, aliendelea kupepeta mchele ambao ulikuwa safi tayari.

"Kama amesahau," aliniambia, "mbona ametuma mtu aje kunikumbusha?"

Jana asubuhi Frida alisema mia moja na kumi. Konsolata akaandika, akazidisha: laki tatu na elfu thelathini. Nusu saa baadaye mdogo wake Teofili alifika na guta kupeleka mpunga kwa mnunuzi, ili Eufrasia alipwe. Ndani ya nyumba kulikuwa na magunia kumi na mawili ya mpunga, ambayo dada yake alikusudia kuyaweka hadi Januari, bei ikichangamka. Siku hizi mnunuzi anatoa elfu sabini na tano kwa gunia.

Teofili alichungulia daftari. "Matano tu yanatosha, na chenji ya soda inabaki. Ukisubiri mwaka mwingine, dada, utamlipa fungu la nyanya."

"Teofili, mdomo wako ungekuwa na matairi, tungeshafika."

"Kwani ulimwibia? Ulimshauri tu. Tena wewe mwenyewe unajua bei ya leo, umeiandika kwa mkono wako."

Teofili alibeba gunia la kwanza, la pili, mpaka la tano, akachukua kamba ili afunge mzigo. Konsolata alibaki amesimama mlangoni, mkono juu ya gunia la sita.

Nilikuwa nimeshika daftari la 2013, nimelifungua pale Machi. Kwa bei ya siku ile, mia tatu, elfu tatu za Eufrasia ni laki tisa. Ni magunia yote kumi na mawili. Sina mazoea ya kuingilia mambo ya watu, lakini Teofili alikuwa anakaza kamba.

"Mama," niliuliza, "utamlipa kwa bei ya siku gani?"

"Ya siku niliyomwambia asubiri."