Sale kwenye Ndoo ya Vya Kuoza

Nilijitolea kutenganisha taka kwenye tamasha la vyakula pale Moshi kwa sababu moja ya aibu: umbea. Taka hazifichi kitu. Kufikia saa sita nilishajua ni meza ipi imeusifia mtori, ile supu nzito ya ndizi, mdomoni na kuumwaga chini ya kiti. Chupa ndoo hii, vya kuoza ndoo ile. Nilichambua kama mtu anayechambua mchele, na kiburi kikanipanda.

Alasiri mzee mmoja aliyeshuka kutoka Mwika alisimama mbele yangu, vibuyu viwili vya mbege, pombe yetu ya ndizi, mikononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, pale mezani niliacha sale."

Nilishtuka. Nililiona, jani refu la kijani lililopigwa fundo, nikalizoa pamoja na maganda ya ndizi. Haraka yangu haikuwa na baraka. Mimi ni Mchagga wa mjini, lakini hata mimi najua kwamba jani hilo hupelekwa kwa mtu uliyemkosea, na akilipokea, amekusamehe.

Nikamwambia nyuma ya uwanja kuna ua mzima wa masale, nimkatie jingine. Akatikisa kichwa.

"Hili nimelikata mpakani. Palepale nilipousogeza mpaka, nikala kihamba cha mdogo wangu, shamba alilorithi. Anakuja sasa hivi. Hatujasalimiana tangu tumzike mama."

Ulimi uliniwasha kuuliza alisogeza hatua ngapi. Nikajizuia, nikamwaga ndoo juu ya turubai, tukapiga magoti. Maganda, mifupa, ndizi za machalari zilizochacha. Nilimpa glovu, akazikataa. Nakiri nilimtazama yeye kuliko nilivyotafuta: mtu wa umri ule, na koti lake la kanisani, mikono imezama mpaka viwiko katika makombo ya watu. Nilitaka kujua mtu anafikaje hapo. Nilimwonea huruma pia.

"Hili hapa," akasema.

Jani lilikuwa limeloa mtori, fundo bado limekaza. Alipoinuka ndipo nilipomwona mwanaume mwingine nyuma yetu, pua yake ni ileile ya mzee. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini.

"Ngoja kwanza nilioshe," mzee alisema.

"Usilioshe, kaka," mdogo wake akajibu, na akanyoosha mikono yote miwili.