Machozi Ambayo Mama Hakulia

Ninyi mnaoanza kuandika hadithi, mimi sikufundishwa kazi hiyo darasani. Nilifundishwa katika boma la Morogoro, enzi za Mdachi, siku nilipoingia ukarani na kalamu mpya na majivuno tele.

Karani Mkuu, mzee wa Tanga, alinipa kuandika maneno ya mashahidi. Bwana Shauri, Mdachi aliyetawala wilaya, aliyasoma ndipo akahukumu. Siku hiyo hiyo aliletwa Kobelo, mkulima wa Kinole. Akida wake, msimamizi wa vijiji aliyewekwa na serikali, alimshitaki kwamba amechoma ghala la pamba la serikali, adhuhuri, watu wakiwa shambani. Akipatikana na hatia, ni mnyororo.

Mama yake aliteremka mlimani kwa miguu kuja kumtetea. Nikaandika ushahidi wake kwa mbwembwe, kabla sijamwuliza neno: “Machozi yangu yafurika kama mto, mwanangu ni malaika.”

Karani Mkuu akasoma, akavua miwani. “Huyu mama alilia?”

“Hapana, bwana. Alikaa kimya tu.”

“Basi machozi haya ni yako. Nenda kamwulize, kisha unyamaze umsikilize.”

Niliona haya, lakini nilikwenda. Nikamkuta amekaa barazani.

“Shikamoo, mama. Adhuhuri ile Kobelo alikuwa wapi?”

“Marahaba. Alikuwa juu ya paa langu, anaezeka. Mimi namrushia nyasi. Kengele ya misheni inalia, akateleza, mundu ukamkata paja. Padre ndiye aliyemfunga kidonda.”

“Mbona hukusema tangu mwanzo?”

“Mwanangu, nani aliniuliza?”

Niliyaandika maneno yake vilevile, bila kuongeza hata moja. Bwana Shauri alisoma mara mbili, akaamuru Kobelo apandishe shuka. Kidonda kilikuwepo. Tarishi akatumwa misheni, akarudi na barua ya padre: ni kweli, na ni saa ile ile. Kobelo akafunguliwa.

“Nani ameandika hii?” Bwana Shauri aliuliza. “Ninamwona mtu juu ya paa.”

Karani Mkuu akaninyooshea kidole. Sijapata kuvikwa nishani, lakini siku ile nilivikwa.

Baadaye nilihamishiwa boma la Kisaki, na huko ndiko nilikoanza kupeleka hadithi gazetini. Kila nilipomtunga mtu nilimwuliza kwanza: umesimama wapi, umeshika nini, unaogopa nini? Asiponijibu, sikumwandika. Na kila sentensi niliyoipenda mno niliitilia shaka. Mara nyingi ilikuwa inanisifu mimi.

Sasa nimestaafu, macho yamefifia. Juzi sokoni Morogoro niliwakuta wanaume wawili wakibishana vikali juu ya mwanamke fulani: alifanya vema kumwacha mumewe, au alikosa? Nikasogea nisikie ni jirani gani huyo. Kumbe ni mwanamke wa hadithi yangu. Sikujitambulisha. Nilinunua tumbaku yangu, nikaenda zangu kichwa juu.