Kumpungia Mama Kutoka Kigongo

Juzi nilivuka ziwa pale Kigongo kwa daraja, dakika chache tu, nikakumbuka alasiri ile mama alipokwenda kuolewa Sengerema, ng'ambo ya pili, akaniacha kwa bibi. Kivuko kilipiga honi, kikaondoka naye. Gati zima lilinuka mapanki, mifupa ya sangara iliyokuwa ikikaangwa.

"Nyamaza, mjukuu wangu," bibi aliniambia. "Sengerema ni pua na mdomo."

Niliamini kwamba mtu aliye karibu hivyo lazima akuone. Nikasimama ukingoni na kitenge cha mama, nikapunga hadi mkono ukafa ganzi. Kesho yake nikarudi, na keshokutwa.

Juzi ndipo nilipofika mara ya kwanza kwenye nyumba aliyoishi mama hadi kufa kwake. Nilisimama mlangoni, nikatazama kila upande. Ziwa halionekani.